Michezo ya Vidio, Sehemu ya 2: Mario Anapoanza Upya

Wiki iliyopita nilimwacha binamu yangu sebuleni kwetu Mkomani, binti mfalme keshaokolewa, nasi wadogo tunagombania zamu. Pedi hakuitoa. Alibonyeza B, akachagua ulimwengu wa kwanza, akaianza tena Super Mario Bros. tuliyoikariri. Tukamcheka, mpaka adui wa kwanza alipotokea.

Adui huyo kwa kawaida ni kidudu chenye umbo la uyoga; ukimkanyaga kafa. Safari hii alikuja kobe. Binamu akamkanyaga kwa mazoea, naye akajificha ndani ya gamba. Mario alipoligusa, gamba likateleza mpaka kwenye bomba, likagonga, likarudi mbio na kumwua. Hata moto hauwadhuru kobe hao.

Siri iko kwenye udogo wa kanda. Mchezo huo wa 1985, wa Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, una steji 32, na wote, picha na programu, umetiwa ndani ya kilobaiti 40. Nafasi ya kuchora ulimwengu mwingine ingetoka wapi? Basi ukimaliza, programu huweka alama moja tu. Kila inapoiona, vidudu hugeuzwa kobe, maadui huongezewa mwendo, vibao vya kusimamia hufupishwa. Sehemu ya ugumu huo huonjeshwa mapema: steji ya 5-3 ni ile ile 1-3, ila vibao vimepungua urefu na risasi zinapita hewani.

Wazee wa bao watalielewa hili upesi kuliko vijana. Bao la kujifunza hutandazwa kete mbili mbili kila shimo, mkaanza kucheza. Bao la Kiswahili lina mashimo yale yale 32 na kete zile zile 64, lakini kila mmoja huanza na kete 22 mkononi, akizitia ubaoni moja moja, huku akiilinda nyumba, shimo lake kuu. Aliyezoea lile la kwanza hupotea kabisa, na ubao haujabadilika hata kidogo.

Capcom, mwaka huo huo wa 1985, walifanya kwa ukali zaidi: katika Ghosts 'n Goblins ukifika mwisho unaambiwa ulikuwa mtego, rudi mwanzo. Mimi naona huo ni uonevu. Mario hakulazimishi; anakufungulia mlango, uingie ukitaka.

Mlango wenyewe haukudumu. Kanda ile haikuhifadhi chochote, na stima ikipotea, alama nayo ilifutika. Binamu alikaa gizani na pedi mapajani. Taa ziliporudi alipita mabomba ya siri ya 1-2 na 4-2 mpaka ulimwengu wa 8, akamwokoa binti mfalme upya, ili tu akutane tena na yule kobe.

Wiki ijayo: toleo la Japani la 1986, lililotaka umalize mara 8 kabla ya kukufungulia mlango wake.