Je, Wajua? Barabara ya Kasanga Hushuka Kilometa Nzima

Je, wajua kwamba dereva anayetoka Sumbawanga kwenda bandari ya Kasanga hushuka kimo cha takriban kilometa nzima? Mji wa Sumbawanga uko kama meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika, ilipo bandari hiyo, halifiki meta 800. Kupitia Matai, safari ni kama kilometa 110, na mwisho wake ndio wenye kazi, pale uwanda wa Ufipa unapokatika kuelekea ziwani. Jirani na hapo, mto Kalambo huporomoka zaidi ya meta 200 kwa mkupuo mmoja.

Lami huondoa tope, haiondoi mteremko. Gari lenye breki za mafuta likishushwa kwa breki tupu, msuguano huzipasha joto hadi mafuta ya breki yachemke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Ndiyo maana pedali huzama ghafla hadi sakafuni. Dereva mzoefu huingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka, kamwe si katikati.

Gari likiharibika, utingo huruka na jiwe la kuzuia tairi, kisha hutandaza matawi mabichi barabarani, mbele na nyuma. Ukiyaona kwenye kona, tafadhali punguza mwendo: huenda kuna mtu amelala chini ya gari, spana mkononi.

Kasanga yenyewe Wajerumani waliiita Bismarckburg. Kwa miaka mingi, waliofika salama walipanda Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma.