Mwewe na Shakivale: Yupi Mwizi wa Vifaranga?

Katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet, kivuli cha ndege mkubwa kikipita uani, kuku huita vifaranga vyake, naye mwenye nyumba huokota jiwe. Mara nyingi jiwe hilo hutupwa kwa ndege asiye na kosa. Juu ya mashamba hayo huruka ndege wawili, mmoja mwizi wa vifaranga, wa pili adui wa panya na fuko, na watu wengi huwaita wote mwewe.

Mwewe wa kweli ni wa rangi ya hudhurungi mwili mzima, na akikomaa mdomo wake huwa wa manjano. Mkia ni mrefu, wenye panda mwishoni kama mkia wa samaki, naye huupindapinda arukapo mfano wa nahodha ageuzaye usukani. Hupenda kuzungukazunguka sokoni, machinjioni na penye moto wa nyasi.

Shakivale ni mnene kidogo, mwenye mabawa mapana na mkia mfupi usio na panda. Mgongo wake ni mweusi, tumbo jeupe, na mkia mwekundu kama matofali, ambao akigeuka juani huonekana toka mbali. Lakini katika nchi za juu zenye misitu, kama kandokando ya Mau, wako pia walio weusi hata tumboni. Hao nao mkia ni mwekundu. Taabu ni kwa wachanga, ambao ni hudhurungi na mkia wao haujawa mwekundu bado. Hao watambuliwe kwa umbo, si kwa rangi.

Shakivale hukaa juu ya nguzo au mkaratusi, akitazama chini kwa subira. Angojacho ni panya, mjusi, nyoka, na fuko yule aharibuye viazi. Kifaranga kilichopotea mbali na mama yake aweza kukichukua, hilo halikataliwi. Lakini si kazi yake ya kila siku.

Wako watu watiao dawa ya wadudu katika nyama ili kuua ndege hao. Sumu haichagui: humwua shakivale, na mbwa wa nyumbani pia. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba ndege wawindao wa aina nyingi wamepungua sana nchini Kenya tangu miaka ya 1970. Kwa majuma ya kwanza yafaa vifaranga vifungiwe katika tundu lenye wavu juu. Hapo mwewe mwenyewe hupita akaenda zake.