Upangaji wa kadi za mfululizo katika kompyuta za PDP-11

Kadi ya kiolesura cha mfululizo ni bamba la saketi za elektroniki linalounganisha kompyuta na terminali, teleprinta au kifaa kingine kwa kutuma biti moja baada ya nyingine. Ndani ya kompyuta biti za herufi moja husafiri pamoja, kila moja kwenye waya wake. Kadi huzipanga ziende moja moja, kama wanafunzi wanaotoka darasani kupitia mlango mwembamba.

Katika kompyuta za zamani za PDP-11 kadi hii haiwezi kujitambulisha kwa mashine. Kila jambo huamuliwa na binadamu kwa swichi au vipande vya waya. Kadi isiyo na kasoro yoyote, ikipangwa vibaya, hufanana kabisa na kadi iliyokufa. Hivyo anayefufua mashine anaweza kubadilisha vipuri vizima bure.

Historia

PDP-11 ilitolewa mwaka 1970 na kampuni ya Digital Equipment Corporation (DEC) ya Maynard, Massachusetts, nchini Marekani. Ilikuwa minikompyuta ya biti 16, yaani ndogo kuliko mashine zilizojaza ukumbi mzima. Mfumo wa Unix na lugha ya C vilikuzwa juu yake mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mashine za kwanza ziliunganisha kadi zote kwa njia ya pamoja iitwayo Unibus. Baadaye zikaja mashine ndogo zaidi zenye njia iitwayo Q-bus. Kadi ya DL11-W ni ya Unibus na hupangwa kwa swichi ndogo. DLV11-J ni ya Q-bus, ina milango minne, na hupangwa kwa nyaya nyembamba zinazozungushwa kwenye pini.

Mambo yanayopangwa

Anwani. PDP-11 husoma na kuandika vifaa kama inavyofanya kwa kumbukumbu. Anwani huandikwa katika kizio cha nane, yaani kwa tarakimu 0 hadi 7 tu. Terminali kuu ya kuendeshea mashine ina rejista nne:
- 777560: hali ya upokeaji
- 777562: herufi iliyopokelewa
- 777564: hali ya utumaji
- 777566: herufi ya kutumwa

Katika mashine zenye anwani za biti 16, namba hizo huanza na 177 badala ya 777. Milango ya ziada kwa kawaida huanzia 776500. Kadi mbili zikipewa anwani moja, zote hujibu kwa pamoja na data huvurugika. DL11-W ina pia saa ya mfumo kwenye anwani 777546. Kama mashine ina saa nyingine, mojawapo lazima izimwe.

Vekta. Kadi inapotaka kuhudumiwa hukatiza kazi ya kichakataji na kukipa namba iitwayo vekta, inayoonyesha mahali pa kuanza huduma. Kwa terminali kuu ni 60 kwa upokeaji na 64 kwa utumaji. Kosa la vekta hudanganya sana. Programu ya kuwashia mashine haitumii ukatizaji, hivyo maandishi ya mwanzo hutokea vizuri. Mfumo endeshi ukishapakiwa, terminali hunyamaza.

Kasi na umbo la herufi. Teleprinta ya Teletype Model 33 hufanya kazi kwa baudi 110. Kila herufi hubeba biti 11: moja ya kuanzia, nane za data na mbili za kukoma. Hivyo hutoka herufi 10 kwa sekunde. Terminali za baadaye zilifika baudi 9600, zikitumia biti moja tu ya kukoma. Pande mbili zisipokubaliana kasi, skrini hujaa alama zisizo na maana. Hiyo si habari mbaya: inaonyesha kwamba umeme unapita.

Aina ya umeme. Teleprinta za zamani hutumia mkondo wa miliampia 20; kuwepo na kutokuwepo kwa mkondo ndiko kunakobeba ujumbe. Kiwango cha RS-232 hutumia volti hasi kwa 1 na volti chanya kwa 0. Mifumo hii miwili isiunganishwe moja kwa moja, kwani saketi zinaweza kuungua.

Nafasi zilizo wazi

Katika Unibus, ruhusa ya kukatiza hupitishwa kutoka kadi moja hadi nyingine kama kijiti katika mbio za kupokezana. Nafasi iliyoachwa wazi hukata mnyororo huo. Ndiyo maana huwekwa kadi ndogo ya kupitishia ruhusa, kama G727. Ikikosekana, dalili huweza kufanana na zile za kosa la vekta.

Majaribio

Jaribio rahisi halihitaji programu yoyote. Mashine ikiwa imesimama, mwendeshaji hutumia swichi za mbele kuandika 101, ambayo ni msimbo wa herufi A, kwenye anwani 777566. A ikitokea kwenye terminali, anwani ya kadi, kasi na waya wa kutuma viko sawa. Isipotokea, husomwa 777564: jibu la 200 lina maana kwamba kadi inajibu na iko tayari kutuma, hivyo kosa hutafutwa kwenye kasi, waya au terminali. Upokeaji hujaribiwa kwa kubonyeza herufi kisha kusoma 777562. Ukatizaji haujathibitishwa hadi mfumo endeshi wenyewe ujibu.

Kabla ya kugusa swichi yoyote, warekebishaji hupiga picha ya kadi na kuandika mpangilio wake. Maana ya swichi iliyowashwa hutofautiana kati ya kadi na kadi. Katika baadhi ni 0, si 1. Aidha, mpangilio wa zamani ni ushahidi wa vifaa ambavyo mashine ilihudumia, na ukishavurugwa bila kuandikwa hauwezi kurudishwa.