Tochi ya Funguo: Mwanga Hafifu Ndio Utangulie

Katika vijiji vya Dirma, wilayani Hanang, tochi hufanya karibu kazi yake yote kati ya Isha na Alfajiri. Isha huingia karibu saa 2 usiku, Alfajiri baada ya saa 11, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, giza hutanda upesi mara jua linapotua. Katika muda huo watu huenda msikitini na kurudi, mama huamka kumtazama mtoto, mwenye mifugo hutoka kuangalia kulikoni zizini ng'ombe wanaposhtuka, na katika Ramadhani jiko la daku huwashwa majirani wakiwa bado wamelala. Siku hizi mengi ya hayo hufanywa kwa tochi ndogo ya kuning'iniza kwenye funguo, isiyozidi urefu wa kidole, nayo mara nyingi ina ngazi mbili, tatu au zaidi za mwanga. Tunalotaka kulijadili leo ni hili: ngazi ipi iwe ya kwanza kuwaka kidole kinapogusa kitufe?

Wengi watajibu kuwa ni ile kali. Tunawaelewa, kwani tochi hununuliwa mchana, dukani au mnadani, na juani kila mwanga huonekana duni. Mnunuzi huchukua ule unaomchoma macho zaidi. Sisi tunasema itangulie ile hafifu.

Sababu ya kwanza ni jicho lenyewe. Al-Hasan ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufia Cairo, aliliandika jambo hili takriban miaka elfu iliyopita katika Kitab al-Manadhir. Miongoni mwa hoja zake za mwanzo kuhusu nuru ni lile ambalo kila mtu amelipitia: anayeutazama mwanga mkali huumia macho, na akigeukia mahali pa giza huendelea kwa muda kuuona mwanga ule badala ya kilicho mbele yake. Elimu ya leo inaongeza kuwa ndani ya jicho mna chembe maalumu za kuonea gizani, ambazo huhitaji kiasi cha nusu saa kufikia uwezo wake kamili. Mwanga mkali wa sekunde chache huwaharibia kazi hiyo yote. Ndiyo maana anayemulika njia kwa ngazi kali huliona vyema duara lililo mbele yake na haoni chochote kilicho kando. Nyoka, kwa bahati mbaya, halazimiki kukaa ndani ya duara.

Mshumaa mmoja hutoa mwanga wa lumeni 12 hivi, ukitawanyika pande zote. Ngazi hafifu ya tochi nzuri ya funguo huwa ni lumeni 1 hadi 5 tu, lakini zote huelekezwa mbele, nazo zatosha kuona viatu, kopo la wudhu, uso wa mtoto aliyelala na hatua kadhaa za njia. Ngazi kali hufika lumeni 100 au kuzidi. Wala asidhani mtu kuwa mwanga ukizidi mara nne utafika mara nne ya umbali. Kwa kanuni ya nuru, utafika mara mbili tu.

Sababu ya pili ni sitara, na hii tunaiona nzito zaidi. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba wanawake waumini walikuwa wakihudhuria Swala ya Alfajiri pamoja na Mtume (s.a.w.) wakiwa wamejitanda shuka zao, kisha wakirejea majumbani bila kutambuliwa kwa sababu ya giza. Giza lile lilikuwa pazia lao. Leo kijana husimama nje ya msikiti akimulika kila uso unaopita, eti ajue ni nani, na hakuna anayemkemea. Tumefundishwa pia kwamba kuomba idhini mlangoni kumewekwa kwa ajili ya jicho, lisije likaona lisichopaswa kuona. Mwanga hulifungulia jicho njia. Ukipenya dirishani kabla ya hodi, hodi hiyo imebaki na kazi gani? Na katika Dirma, ambako Waislamu wanaishi pamoja na Wabarbaig na Wairaqw, wengi wao wasio wa dini yetu, mwenye kupita karibu na boma la jirani saa 11 alfajiri huiwakilisha dini yake kwa namna anavyoishika tochi.

Wazee wana hoja yao, nasi twaikubali. Mboni ya mzee haipanuki gizani kama ya kijana, hivyo ngazi ya chini kabisa yaweza isimtoshe kuona jiwe au mzizi njiani. Lakini mzee huyohuyo, hasa mwenye mtoto wa jicho, ndiye anayeumizwa zaidi na mng'ao wa tochi ya mwenzake. Kwake ngazi ya kati yafaa, ikielekezwa chini, hatua mbili tatu mbele ya miguu.

Ngazi kali nayo ina siku yake. Watu wa wilaya hii hawahitaji kukumbushwa Desemba 3, 2023, matope, mawe na magogo yalipoporomoka kutoka mlima Hanang na kuikumba Katesh na vijiji jirani, wakafa makumi ya watu. Katika saa kama hiyo mwanga mkali unahitajika, na tochi yenye betri tupu haitoi hata ule hafifu. Tochi ya betri moja nyembamba hudumu kwa saa moja au pungufu katika ngazi kali, na kwa makumi ya saa katika ngazi hafifu. Hata takwimu ya kwenye boksi isikudanganye: kwa kipimo cha Marekani kiitwacho FL 1, mwanga hupimwa ndani ya dakika mbili za mwanzo, na tochi ndogo hupata joto upesi, kisha nyingi hujipunguza zenyewe. Aliyekwenda msikitini mwezi mzima kwa ngazi hafifu ndiye atakayekuwa na akiba siku ya dharura.

Kuhusu ngazi ya kumetameta, hatuoni faida yake nyumbani. Watoto huipenda, lakini mwanga wa kumetameta waweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya wenye ugonjwa huo, na kifafa si kigeni katika maeneo haya. Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, imekitafiti kwa miaka. Jambo jingine la wazazi: tochi nyingi ndogo kabisa hutumia betri bapa kama sarafu. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, huanza kuunguza umio ndani ya saa mbili, kwa hiyo apelekwe hospitali papo hapo bila kungoja dalili. Nunua ile ambayo mfuniko wake umefungwa kwa skrubu.

Ukienda kununua, usiijaribu juani. Iingize ndani ya koti au chini ya kanga, uiwashe hapo. Kisha iwashe na kuizima mara tatu, ukiacha nafasi ya dakika moja kila mara. Ikianza kwa mwanga hafifu mara zote tatu, ichukue. Ikianza kwa ngazi tofauti kila mara, usiku utakuwa ukibahatisha, na mtoto ataamka.