Mijusi Juu ya Tunda

Ndani ya Bustani ya Kew, London, kuna jengo ambalo kuta zake zimejaa michoro ya mimea kutoka juu hadi karibu na kiuno cha mtu, fremu zikigusana bila kuacha nafasi. Mmoja wa michoro hiyo unaonyesha mnazi wa Praslin, kisiwa cha Shelisheli. Mti ni jike, umebeba matunda yake makubwa, na juu ya matunda wametambaa mijusi wadogo wa kijani. Marianne North, aliyeuchora katika safari aliyoianza mwaka 1883, hakuona sababu ya kuwaondoa mijusi hao. Aliwataja hata katika jina la mchoro.

Mchoraji wa kisayansi wa wakati wake angewaacha nje. Ili tuone kwa nini, na kwa nini North alifanya jambo la maana kwa kuwaweka, lazima kwanza tuelewe mchoro wa kisayansi unafanya kazi gani.

Uchoraji huo umetokana na shida moja: mmea haukai. Ukishachumwa, ua huanza kunyauka ndani ya saa chache. Msafiri aliyetaka kuwaonyesha wenzake wa Ulaya alichokikuta Brazil au Java aliubana mmea katikati ya karatasi, akaukausha, akaufungasha. Sampuli za namna hiyo bado ndizo msingi wa elimu ya mimea, na hebaria kubwa za dunia zinatunza mamilioni yake. Lakini sampuli iliyokaushwa ni bapa. Rangi ya buluu inaweza kugeuka kahawia, ua nene la okidi linasinyaa mpaka umbo lake halitambulikani, na tunda lenye maji mengi halikaushiki vizuri. Mchoro ulikuja kuziba pengo hilo.

Ferdinand Bauer, Mwaustria aliyeizunguka Australia na meli ya Investigator kuanzia 1801, alikuwa na mbinu inayonistaajabisha kila ninapoifikiria. Akiwa safarini alichora kwa penseli, kisha akaandika namba juu ya majani na petali. Kila namba ilisimama badala ya rangi moja mahususi, na orodha yake ilikaribia rangi 1000, kwa hiyo kijani cha upande wa juu wa jani kiliweza kutenganishwa na kijani cha upande wa chini. Miaka baadaye, akiwa mezani kwake Ulaya, alizisoma namba zake na kupaka rangi ya ua lililokuwa limeshaoza zamani, upande wa pili wa dunia.

Mchoro wa aina hii una masharti yake. Karatasi ni nyeupe. Hakuna udongo, hakuna anga. Pembeni ua limepasuliwa ili stameni na ovari zionekane, zikiwa zimekuzwa kwa kipimo kinachotajwa. Tawi moja linaweza kubeba chipukizi, ua lililofunguka na tunda bivu kwa pamoja, ingawa porini huenda usivikute hivyo siku moja. Hakuna udanganyifu hapo. Mchoraji hachori mmea mmoja aliouona Jumanne fulani. Anachora spishi nzima, na jani lililotobolewa na kiwavi analirekebisha kwa kuwa kiwavi si sehemu ya spishi. Kazi hiyo haijapitwa na wakati hata baada ya kamera kuja. Flora of Tropical East Africa, mfululizo wa vitabu ulioandaliwa kwa takriban miaka 60 na kukamilika mwaka 2012, unaeleza spishi 12,104 za mimea ya porini ya Kenya, Tanzania na Uganda. Humo mna michoro ya wino mweusi inayomsaidia mtu aliyeshika tawi mkononi kujua kama ameshika hiki au kile.

Hata hivyo karatasi nyeupe ina gharama yake. Chukua ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, lililopewa jina la Walter von Saint Paul, ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka kwao, na kuelezwa kisayansi mwaka 1893. Leo limo kwenye vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani. Makazi yake ya asili ni kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, chini ya msitu, na msitu ukikatwa ua nalo halina pa kuishi. Unaweza kulichora kwa usahihi wa mwisho, kila unywele wa jani ukihesabika, na bado mtazamaji asijue kwamba uhai wake unategemea mti mkubwa uliosimama juu yake. Mwamba na kivuli havina nafasi kwenye karatasi nyeupe.

North alianzia mahali pengine kabisa. Alizaliwa Hastings, Uingereza, mwaka 1830, binti wa mbunge mwenye mali. Hakuwa na mafunzo rasmi ya elimu ya mimea, na hakuolewa. Baba yake alipofariki mwaka 1869 alibaki na fedha, uhuru na mkono uliokwisha kuzoea rangi ya mafuta. Mwaka 1871 akaanza kusafiri, na hadi 1885 alikuwa amechora Jamaika, Brazil, Japani, Borneo, Java, Sri Lanka, India, Australia, New Zealand, Afrika Kusini, Shelisheli na Chile. Pwani yetu hakuichora. Shelisheli ndiyo iliyomleta karibu zaidi nasi.

Rangi ya mafuta ndiyo iliyoamua mambo. Wachoraji wa mimea walipenda rangi ya maji kwa sababu ni nyepesi na inakubali mstari mwembamba. Rangi ya mafuta ni nzito. Inafaa kuonyesha giza la msitu, jua linalopenya nyuma ya jani la mgomba, ukungu unaopanda bondeni. North aliitumia haraka, mara nyingi nje, mbele ya mmea wenyewe. Wataalamu waliomlaumu hawakukosa hoja: katika baadhi ya michoro yake huwezi kuhesabu stameni, na sehemu za ndani za ua hazipo kabisa. Anayetaka kutofautisha spishi mbili zinazofanana hatafika mbali na mchoro wa North peke yake. Lakini anayetaka kujua mmea unaishi wapi, na nani, chini ya mwanga gani, hatapata jibu kwenye karatasi ya Bauer.

Mwaka 1879 North alimwandikia Joseph Hooker, mkurugenzi wa Kew, akijitolea kujenga jumba la michoro yake kwa fedha zake mwenyewe. Lilifunguliwa 1882. Alipanga michoro kwa mikono yake, ikiwa zaidi ya 800 hatimaye, na chini yake akapigilia mbao za aina 246 za miti alizokusanya. Uamuzi mkubwa zaidi ulikuwa mpangilio. Bustani kama Kew ilizoea kupanga mimea kwa familia, ndugu na ndugu, popote duniani wanapotoka. North alipanga kwa nchi. Ukiingia unapita Brazil, unafika Java, unafika India, na mimea isiyo na undugu wowote imekaa pamoja kwa sababu ndivyo inavyokaa nyumbani kwao. (Aliomba pia wageni wapewe chai au kahawa humo ndani. Hooker akakataa. North akachora mmea wa chai na mmea wa kahawa juu ya milango.)

Sasa turudi Praslin. Mnazi wa huko una dume na jike katika miti tofauti, kama mpapai. Kiasili unaota katika visiwa viwili tu, Praslin na Curieuse. Mbegu yake ndiyo kubwa kuliko zote katika mimea, na inaweza kuzidi kilo 20. Tunda huchukua miaka kadhaa kukomaa. Kwa karne nyingi mabaharia wa Bahari ya Hindi waliokota makokwa yake yakielea au yakiwa yametupwa ufukweni Maldivi, na wapo walioamini kwamba mti wake unaota chini ya bahari. Mti ulipatikana na Wafaransa mwaka 1768. North alichora jike lenye matunda, akachora pia ua refu la dume pamoja na makokwa yaliyokomaa. Na wale mijusi? Wana kazi yao pale. Mijusi wa kijani huonekana sana kwenye maua ya dume wakilamba utamu wake, na suala la nani anayebeba chavua hadi kwa jike limewashughulisha wataalamu mpaka zama zetu. North hakuwa akijibu swali hilo, na pengine halikumjia. Alichora alichokiona, asichague nini ni mmea na nini si mmea, na kwa njia hiyo akahifadhi taarifa ambayo mkono wenye nidhamu zaidi ungeitupa.

Hapa lakini tusimpambe kupita kiasi, kwa maana mmoja wa michoro yake mashuhuri una historia iliyo tofauti. Mwaka 1876, akiwa Sarawak, kisiwani Borneo, alichora mmea unaonasa wadudu kwa majani yaliyogeuka magudulia. Magudulia yenyewe yana urefu unaozidi futi moja, yana mabaka mekundu na mdomo mpana wenye mistari. Ulaya walipouona mchoro walitambua kwamba spishi hiyo haijaelezwa. Kampuni ya Veitch, wauzaji wa miche ya bustani, ikamtuma mtu aitwaye Charles Curtis kuutafuta. Akaupata, ukaletwa ukiwa hai, na mwaka 1881 Hooker akauita Nepenthes northiana. Lakini North hakuufikia mahali unapoota. Alikuwa ameletewa na Herbert Everett, aliyeutoa kwenye milima ya mawe ya chokaa kwa kupita msituni pasipo njia. North aliutundika kwenye kibaraza, akauchora hapo. Mchoraji wa mahali alichora, safari hii, mmea uliokwisha kung'olewa mahali pake. Na umaarufu uliozaliwa na mchoro ule haukuuacha salama: wakusanyaji wameuchuma sana porini, mpaka ukawa miongoni mwa mimea inayohofiwa usalama wake.

Mchoro mwingine wa Sarawak uliendelea kufanya kazi kimya kimya. Ni wa mimea ya msitu wa Matang, na mmoja kati ya mimea hiyo una vitunda vya buluu, na hakuna aliyekuwa na jina lake. Tianyi Yu, mchoraji wa mimea wa Kew, aliushuku, akaufuatilia mpaka akapata sampuli iliyokaushwa inayolingana nao ndani ya hebaria ileile ya Kew. Mwaka 2021 ukatangazwa kuwa spishi mpya, Chassalia northiana. Angalia jinsi vitu viwili vilivyohitajiana: sampuli pekee isingemvutia mtu, maana buluu huenda haikuwepo tena, na mchoro pekee usingetosha kuthibitisha, maana ua halikupasuliwa.

Kinachonisumbua zaidi katika jumba lile ni watu. Wapo, lakini ni wadogo, kando ya njia au chini ya mti, wakitumika zaidi kuonyesha ukubwa wa mti. Kuna mchoro wa Java wa uchumaji wa chai. Jina lake linasema ni shamba la Bwana Holle, huko Garoet. Mwenye shamba anatajwa, wachumaji hawatajwi. North alisafiri kwa barua za utambulisho za maofisa na alilala katika nyumba za magavana. Hao ndio aliowajua kwa majina. Aliyempandisha mlimani, aliyemwambia mti huu unaitwaje na tunda lake linaliwa vipi, mara nyingi hatumfahamu. Picha inayodai kutuonyesha mmea nyumbani kwake imewanyamazisha wenyeji wa nyumba hiyo, na elimu iliyopotea kwa ajili hiyo ni kubwa kuliko stameni zilizokosekana.

Haikuwa lazima iwe hivyo hata katika karne ile. Robert Wight, Mskoti aliyefanya kazi Madras, hakuchora mwenyewe sehemu kubwa ya mimea aliyoichapisha. Walimchorea Wahindi wawili, Rungiah na baadaye Govindoo, na majina yao yaliandikwa. Wight alikwenda mbali zaidi, akaipa jenasi moja ya okidi jina Govindooia ili kumheshimu mchoraji wake. Wataalamu wa baadaye waliona okidi hiyo ni ya jenasi iliyokuwa na jina tayari, Tropidia, na kwa kanuni za utoaji majina lile la Govindoo likaachwa. Jenasi ya Northia, mti wa Shelisheli ambao Hooker aliutaja kwa heshima ya Marianne North mwaka 1884, bado inatumika.