Simu Iliyolala Msumbiji



Likizo iliyopita, nyumbani Kingerikiti, nilikabidhiwa kengele ya Misa ya kwanza ya Jumapili. Kengele hupigwa saa 12:00 asubuhi, Misa huanza 12:30. Nilifika kwa saa ya simu yangu, nikamkuta Padre yuko kwenye mahubiri. Katekista alikwisha kugonga kengele kwa kutazama saa yake kuukuu ya mkononi. Baada ya Misa akaniambia, "Frateri, hiyo simu yako imelala Msumbiji."

Alisema kweli, na sababu yake ni hii.

Ndani ya simu kuna kipande kidogo cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na simu huhesabu mitetemo hiyo. Lakini joto na baridi huibadilisha kidogo, hivyo baada ya siku kadhaa simu huanza kukosea sekunde. Ndiyo maana huuliza mnara wa mtandao. Mara nyingi mtandao nao hupata saa kutoka kwenye setilaiti za GPS, ambazo zimebeba saa za atomiki.

Saa ya atomiki hurekebishwa na atomi, ambazo hazichakai na hazitofautiani popote duniani. Tangu 1967, sekunde moja ni mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi ya siziamu. Saa za maabara za nchi nyingi hulinganishwa na ofisi ya kimataifa ya vipimo iliyoko Sèvres, karibu na Paris, na hapo hupatikana saa moja ya dunia. Tanzania huongeza saa 3 juu yake. Msumbiji na Malawi huongeza 2.

Usiku ule simu yangu ilinasa mnara wa ng'ambo ya mpaka, ikafuata saa za huko. Dakika zilikuwa sahihi, sekunde pia. Iliyopotea ni saa nzima. Atomi haijui mpaka. Yenyewe hupima muda tu. Kuuita muda huo saa ngapi ni makubaliano ya watu, kama sisi tunavyoita saa 1 asubuhi kile ambacho simu huandika 7:00.

Basi, ndugu msomaji uliye mpakani au mwambao wa Ziwa Nyasa, fungua mipangilio ya simu yako. Acha saa ijirekebishe yenyewe, ila zima uchaguzi wa eneo wa kiotomatiki, kisha uchague mwenyewe Dar es Salaam.

Mimi nimeshafanya hivyo. Hata hivyo, Jumapili iliyofuata nilimpitia kwanza katekista, tukalinganisha saa.