MTINDIO WA UBONGO: MTOTO HAJALAANIWA

Ndugu wafanyakazi wa Kabonga na pwani yote ya Rumonge,

Mtoto akichelewa kushika shingo au kukaa, maneno huwa mengi: karogwa, au mama yake kavunja mwiko. Sisi wa chama tunasema maneno hayo yakome. Ulemavu huo ni mtindio wa ubongo. Hutokea ubongo wa mtoto unapoumia akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au akiwa bado mchanga.

Si kila mara chanzo hujulikana, lakini hatari kubwa zinafahamika: kuzaliwa njiti, uchungu kukawia hata mtoto akakosa hewa, manjano makali siku za kwanza, homa ya uti wa mgongo, na malaria inayopanda kichwani. Uchunguzi wa Iganga na Mayuge, nchini Uganda, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana ulemavu huu. Kama robo yao waliupata baada ya mwezi wa kwanza wa maisha, na malaria ilihusika sana.

Ndugu, hatari hizi nyingi hupungua mama na mtoto wakifika mapema kwa wauguzi. Tarehe 1 Mei 2006, sikukuu yetu wafanyakazi, Serikali ya Burundi ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Lakini bure hiyo yamfaa nini mama aliyenyimwa ruhusa, au anayeogopa kukatwa posho ya siku?

Kwa hiyo tunadai, shambani na kwenye mitambo ya mawese:

1. Mjamzito asibebeshwe mikungu ya chikichi.
2. Siku ya kliniki isikatwe mshahara.
3. Uchungu ukianza usiku, gari la kazi litoke.

Nyumbani nako tuna wajibu. Mtoto mchanga akigeuka manjano, akikataa ziwa au akishikwa degedege, msingoje kuche. Degedege si shetani.

Na watoto ambao tayari wana mtindio wasifichwe ndani. Wengi wanaelewa kila tunalosema, mazoezi yanawasaidia. Akina baba, msimwachie mama mzigo huo peke yake.

Mfanyakazi aliyenyimwa ruhusa ya kumpeleka mtoto kutibiwa amwone mjumbe wa chama siku hiyohiyo.

Umoja ni nguvu!